Liyongo: Mama yake ndiye aliyeniliza!

Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa mwaka 2025, ukisubiri kivuko pale Kigongo bora uwe na kitabu. Mimi nilikuwa na Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Jamani, nililia mbele ya wauza samaki!

Mtoto kumchoma baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, kisa kaahidiwa binti wa mfalme wa Pate, hiyo inatia hasira tu. Uchungu uko kisimani. Liyongo kapiga goti, mshale upindeni, kumbe keshakufa. Watu wanaogopa hata kuchota maji. Anaitwa mama ambembeleze. Maskini, anabembeleza maiti, akidhani mwanawe kakasirika! Mwili ulipoanguka ndipo akajua.