Kijani Kikizidi, Pima Sukari

Mkulima wa zabibu za mvinyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu hurudi kwenye swali lile lile: nianze kukata vishada lini, na upande gani wa shamba? Siku hizi dokezo la kwanza laweza kutoka angani. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupiga picha eneo lile lile kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake hazilipiwi.

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Kompyuta hulinganisha mianga hiyo miwili na kuipa kila sehemu ya shamba namba. Palipojaa majani namba huikaribia 1. Kwenye udongo mtupu hushuka karibu na sifuri. Namba hizo huchorwa kuwa ramani, kijani kikizidi penye majani mengi.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwa mchicha, majani ndiyo mavuno. Mzabibu ukijaa majani kupita kiasi hufunika vishada vyake: jua haliingii, upepo haupiti, ubwiri unga hupata makao na sukari huchelewa kupanda. Sehemu iliyofifia kidogo kwenye ramani huenda ndiyo yenye zabibu zilizokolea. Ikififia mno, nenda ukakague bomba la matone, pengine limeziba.

Tena, kila nukta ya picha hiyo ni mraba wa mita 10 kwa 10, unaomeza mistari kadhaa ya mizabibu pamoja na nafasi zilizo katikati. Mvua za Januari zikiotesha magugu, setilaiti huyahesabu kama mizabibu. Ndiyo maana picha ya Agosti, magugu yakiwa yamekauka, huaminika zaidi. Droni hutenganisha mzabibu na gugu kwa kuwa huruka chini, ila gharama yake ni ya kubebwa na ushirika.

Basi fungua ramani kwenye simu, uingie shambani. Chuma punje 100 upande wa kijani kizito na 100 upande uliofifia, kutoka vishada vya juani na vya kivulini. Kamua kila fungu peke yake, dondosha matone mawili kwenye kipima sukari cha mkononi, kielekeze kwenye mwanga usome. Namba 22 ni takriban gramu 22 za sukari katika gramu 100 za mchuzi wa zabibu.

Tuseme upande uliofifia umetoa 22 na ule wa kijani 18. Ukivuna kote siku moja, utachanganya mchuzi wa zabibu zilizoiva na wa zabibu changa. Anza na ule wa 22. Kwenye wa 18 punguza majani yanayoziba vishada, kisha upime tena baada ya siku chache. Andika namba na tarehe, maana msimu ujao ramani itakuonyesha tena kijani kile kile, na daftari litakukumbusha kilikuwa na sukari kiasi gani.