Namba iliyomsuta Fermat

Anza na 3. Toa 1, zidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha rudisha ile 1: unapata 5. Ukirudia hivyo unapata 17, halafu 257, halafu 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Endelea hatua moja tu na utaifikia 4,294,967,297, ambayo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 32, ukaongeza 1.

Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hesabu kuliko mashauri, aliamini kwamba hiyo nayo ni tasa, na zote zitakazofuata. Simlaumu. Kuikagua kwa kalamu ni kujaribu namba tasa 6,542, moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mifano mitano, hata iwe mizuri namna gani, haijawahi kuwa ithibati.

Mwaka 1732, Leonhard Euler alionyesha kwamba namba hiyo ni 641 mara 6,700,417. Siri iko hapa: namba tasa yoyote inayoigawa lazima ibakishe 1 ikigawanywa kwa 64. Sharti hilo linafagia karibu zote. Zinazosalia mwanzoni ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641 yenyewe.

Sasa shika kalamu, kwa sababu uzuri wenyewe uko katika kuona ni kwa nini 641 inaigawa bila kuandika hesabu ndefu. Tuangalie mabaki tu. Namba 640 imepungukiwa na 1 kuifikia 641, kwa hiyo tuihesabu kama hasi 1. Hasi 1 ikizidishwa mara nne huwa 1. Basi 640 ikizidishwa mara nne, ukagawa kwa 641, itabaki 1. Lakini 640 ni 5 mara 128, na 128 ni 2 iliyozidishwa mara saba. Ukizidisha 640 mara nne, umepata 625 mara 2 iliyozidishwa mara 28. Na 625 je? Imepungukiwa na 16, kwa hiyo ni hasi 16, na 16 ni 2 iliyozidishwa mara nne. Ishirini na nane na nne ni 32. Kumbe hasi ya 2 iliyozidishwa mara 32 inabakisha 1. Yenyewe basi inabakisha hasi 1. Ongeza 1, hakibaki kitu.

Sijui ithibati fupi kuliko hiyo inayoangusha dai kubwa hivyo.

Tangu Euler, namba tasa ya sita ya aina hii haijapatikana. Zile 28 zinazofuata 65,537 zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Inayofuata hapo ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, na mpaka leo hakuna aliyeamua kama ni tasa au la.