Mama Mkwe Katika Televisheni: Tamthilia ya Humsafar na Kiswahili cha Kisangani

Makala haya yanakusudia kulitazama swali ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa sauti, nalo ni hili: tamthilia ya familia inapohamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine, ni Kiswahili kipi kinachopaswa kuingia vinywani mwa wahusika? Mfano wetu mkuu ni tamthilia ya Kipakistani, na sikio tutakaloisikilizia ni la mkazi wa Kisangani. Huenda msomaji akaona kwamba viwili hivyo vina umbali mno. Tunamwomba subira, kwani umbali huo ndio unaolifanya jambo lionekane.

Humsafar, yaani mwenzi wa safari, ilionyeshwa na kituo cha Hum TV kuanzia Septemba 2011 hadi Machi 2012. Iliandikwa na Farhat Ishtiaq na kuongozwa na Sarmad Khoosat. Msuko wake si mgumu. Khirad, binti wa mjane anayekaribia kufa, anaozwa kwa Ashar, mwana wa mjomba wake. Mama yake Ashar, Fareeda, hakuitaka ndoa hiyo. Kwanza anajitia kumpenda mkazamwana wake, kisha anamtegea mtego, anamsingizia uzinifu na kumfukuza usiku ilhali ni mjamzito. Ashar anaamini alichoonyeshwa. Miaka inapita, na Khirad anarejea akiwa na binti yake, Hareem, ambaye moyo wake una kasoro na anahitaji kupasuliwa.

Hadithi ya namna hii imesimuliwa mara nyingi kotekote duniani. Kilichoipa nguvu ni uigizaji. Mahira Khan anamwigiza Khirad kama mtu aliyefunzwa kunyamaza mbele ya wakubwa, hata ukimya wake ukawa ndiyo hoja yake. Fawad Khan, katika nafasi ya Ashar, anaonyesha jinsi kiburi cha mtu mpole kilivyo kibaya kuliko hasira. Lakini kwa maoni yetu nguzo ya tamthilia ni Atiqa Odho, anayemwigiza Fareeda. Yeye hafanyi kama mama wakwe wengi wa televisheni, ambao hukodoa macho huku ngoma ikipigwa nyuma yao. Uovu wake umo ndani ya adabu. Anasema maneno ambayo mama mwema angeyasema, na mtazamaji anaujua uongo kwa sababu tu anajua cheo cha msemaji katika ukoo.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kiurdu humtofautisha ndugu wa kiume wa mama, mamu, na mdogo wa baba, chacha. Kiswahili nacho kina mjomba na baba mdogo. Kwa hiyo mfasiri hapati taabu kueleza kwamba baba mkwe wa Khirad ni mjomba wake. Mkazi wa Pwani atalipokea jambo hilo bila kushangaa, maana kuoana kwa binamu anakujua. Katika makabila mengi ya Kongo, hata hivyo, mtoto wa mjomba ni ndugu, na ndoa ya namna hiyo ni mwiko. Mtazamaji wa huko ataanza na mshtuko ambao mwandishi hakuukusudia. (Tukumbuke pia kwamba Wakongo waliwaita Wabelgiji banoko, yaani wajomba, cheo hicho kwao hakikosi mzaha.)

Mshtuko wa desturi hupita. Ugumu ulio mkubwa zaidi unatokana na neno la kila siku, nalo ni bibi.

Katika Kiswahili cha Tanzania, bibi ni mama wa mzazi. Katika Kiswahili cha Kisangani, kama katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo, bibi ni mke. Mama wa mzazi wengi humwita koko, kwa neno la Kilingala. Sasa tumweke mtoto Hareem mbele ya kioo, naye aseme: "Bibi hampendi mama." Dar es Salaam watamwelewa: Fareeda hampendi Khirad. Kisangani watajiuliza ni mke wa nani anayesemwa, kwani bibi ya Ashar ni Khirad mwenyewe. Neno moja limemtoka mdhulumu likamwangukia mdhulumiwa. Kosa la namna hii katika taarifa ya habari lingesahihishwa na sentensi inayofuata. Katika tamthilia ya familia huvunja tukio zima, maana tukio lenyewe ni neno hilo.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Wazazi wa mume walikuwa wameachana, na bibi arusi akajikuta ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Tamthilia hiyo ilivuma hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Tangu hapo tamthilia za Kichina na za Kituruki zimesikika kwa Kiswahili mara nyingi, na kwa kawaida Kiswahili hicho ni sanifu. Hatulaumu. Kiswahili sanifu ndicho kinachofika mbali zaidi. Ila kufika mbali si sawa na kufika jikoni.

Kisangani ni mji ulio mpakani mwa lugha mbili. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya mto pamoja na misafara iliyotoka Zanzibar na Maniema, na mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa mahali hapo. Kilingala kilipanda mto kutoka magharibi pamoja na meli na askari. Wakazi wengi hutumia lugha zote mbili, mara nyingi katika sentensi moja. Nico Nassenstein, aliyechapisha mwaka 2015 utafiti juu ya Kiswahili cha Kisangani, alionyesha jinsi wasemaji wanavyochagua na kubadili umbo la lugha kulingana na mahali na msikilizaji. Mtu yuleyule anayesema watoto shuleni atasema batoto nyumbani. Na jambo la desturi atalitaja kwa kiambishi -ak-, anasemaka, anakuyaka. Ugomvi wa mama mkwe hufanyika nyumbani.

Kilingala, kwa upande wake, kina tamthilia zake. Kinshasa imezalisha kwa miongo mingi michezo ya televisheni juu ya ndoa, uchawi na fedha, ambayo Katrien Pype aliichunguza katika kitabu chake cha mwaka 2012. Michezo hiyo ikifika Kisangani haihitaji mkalimani. Basi matokeo ni nini? Familia ya kwenye kioo hulia, hutukana na kusameheana kwa Kilingala, na Kiswahili kikabaki kusoma habari na matangazo. Lugha inayokosa kusikika ikigombana huanza kuonekana kuwa haina watu ndani yake. Kwa wanaojali hali ya Kiswahili cha Kongo, hili ni zito kuliko swali la istilahi ambalo limetushughulisha sana.

Lakini Kongo ina mfano wake wa Kiswahili pia, huko kusini, Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijipatia sifa katika redio na televisheni kwa michezo iliyochezwa katika Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 Johannes Fabian aliuliza maana ya msemo aliousikia mezani alipopewa firigisi ya kuku: kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Mwana wa Pwani, anayejua firigisi ni ya nani, atatabasamu. Kundi halikumjibu kwa maelezo. Lilimjibu kwa mchezo, uliorekodiwa kwa ajili ya televisheni katika kijiji cha Kawama, na Fabian akaueleza katika kitabu cha mwaka 1990. Linalotuhusu hapa ni njia ya kazi. Hapakuwa na maandishi ya kukaririwa. Waigizaji walikubaliana juu ya msuko, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na maneno yakazaliwa katika kusemezana. Kwa hiyo kila mmoja alimwita mwenzake kama cheo kilivyomtaka amwite, bila mtu wa kumsahihisha.

Tunapendekeza njia hiyo itumike katika kutia sauti. Waigizaji watatu au wanne wa Kisangani wapewe tukio la kufukuzwa kwa Khirad, walitazame bila sauti, waambiwe nani ni nani katika ukoo, kisha waligombanie kwa maneno yao kabla ya tafsiri yoyote kuandikwa. Fundi atakuja baadaye kulinganisha midomo, na kazi yake haitakuwa ngumu kama anavyohofia. Ammi ya Kiurdu na mama ya Kiswahili hufunga midomo kwa sauti ileile. Mama mkwe haifungi hivyo, lakini ni nadra mtu kumwita mama mkwe wake "mama mkwe" usoni, humwita mama. Kinachobaki ni kuamua Khirad atamwita Fareeda nani atakaporudi mlangoni na mtoto mgonjwa: mama, koko ya mtoto, au asimwite kabisa. Hilo mfasiri aliyeko mbali hawezi kuliamua. Mwigizaji wa kike wa Mangobo au Kabondo ataliamua papo hapo, na wenzake watajua mara moja kama amekosea.