Boma, Kaya na Haramu: Ukuta na Utakatifu katika Msamiati wa Kiswahili

Katika jiji la Arusha, neno boma lina maana mbili. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 na ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikuwa ngome ya utawala. Kwa Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru, boma ni makazi ya familia na mifugo yake. Kinachounganisha maana hizo ni uzio: jina la kizuizi limehamia kwenye kilichomo ndani, kule mamlaka, huku ukoo. Je, Kiswahili kina neno gani kwa uzio wa mahali patakatifu?

Swali hili humkabili kila anayefasiri habari za Awwam, hekalu la mungu Almaqah huko Marib, Yemen. Ukuta wake wenye umbo la yai, uliojengwa na Wasaba takribani karne ya 7 K.K., una mzingo wa mita zipatazo 750. Wenyeji hupaita Mahram Bilqis. Katika maandishi ya Kisaba, mhrm ni patakatifu. Katika Kiarabu, lugha ya ukoo huohuo wa Kisemiti, mzizi h-r-m hubeba kwa pamoja katazo na utukufu. Mahali hukatazwa kwa sababu panatukuzwa.

Kiswahili kiliupokea mzizi huo, lakini maana zake zikaachana. Haramu, haramia na maharimu zimebaki na katazo. Utukufu umehifadhiwa katika istilahi za ibada, kama vile Muharamu na ihramu. Hivyo basi, kuandika “ukuta wa haramu” ni kumpotosha msomaji.

Neno lililo karibu zaidi ni la Kibantu. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makazi ya kale yaliyozungushiwa uzio ndani ya msitu, ambayo sasa ni mahali pa matambiko. Baadhi yake ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo, katika sensa za Tanzania kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja tu.

Kwa mintarafu hii, “ua mtakatifu” ni tafsiri inayofaa kwa Awwam: ua hutaja kizuizi pamoja na eneo lililozungukwa, na kivumishi hurejesha utukufu. Anayechagua “ngome” humpa msomaji vita visivyokuwamo. Anayechagua “boma” humpa serikali au ng'ombe.