Mraba wa Kilomita Tisa

Kila siku saa tatu asubuhi nawaachia wanafunzi zoezi na kwenda nyuma ya ofisi ya walimu, mahali tulipozungushia seng'enge ili mbuzi wasiingie. Hapo kuna kipima mvua: mtungi wenye mdomo wa duara, na ndani yake chupa. Namimina maji kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, nachuchumaa mpaka jicho lilingane na uso wa maji, nasoma. Milimita moja ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya ardhi. Siku nyingi hapa Kinna chupa huwa kavu. Hata hivyo sufuri huandikwa, kwa sababu daftari lenye pengo halimwambii mtu kama hapakuwa na mvua au hapakuwa na mwalimu.

Kinna, katika kaunti ya Isiolo nchini Kenya, iko chini ya milima ya Nyambene. Nikitazama magharibi naona mawingu yamelala juu ya mashamba ya miraa. Nikigeuka kaskazini-mashariki ni nyika tupu kuelekea Garbatulla na Merti. Mvua inaweza kupiga mlimani mpaka laga, mito yetu ya msimu, zikashuka na maji mekundu, na sisi tukabaki na vumbi letu. Tofauti hiyo, ambayo mtoto wa darasa la pili anaiona kwa macho, ni taabu kubwa kwa kompyuta inayotabiri hali ya hewa ya dunia nzima.

Kompyuta hiyo huigawa dunia kwa miraba, kama wavu uliotandazwa juu ya ardhi na bahari. Juu ya kila mraba huipanga hewa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lina joto lake, unyevu wake na upepo wake. Kisha kanuni za fizikia hukokotoa hali itakavyokuwa dakika chache baadaye, na dakika chache tena baada ya hapo, hadi zifike siku kumi na tano. Lakini ndani ya mraba mmoja, ardhi ina kimo kimoja tu. Mlima na bonde hupigwa wastani.

Tarehe 27 Juni 2023, kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, ambacho makao yake yako Reading, Uingereza, na kompyuta zake kuu Bologna, Italia, kiliboresha modeli yake. Hapo awali utabiri wake wa siku kumi na tano ulitumia miraba ya kilomita 18 kila upande. Siku hiyo ikawa kilomita 9. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu: kaunti yetu ya Isiolo, yenye kilomita za mraba 25,000 na ushei, ilikuwa na miraba kama 78. Sasa ina zaidi ya 300. Kila mraba umezaa minne, na kwa kuwa upepo huvuka mraba mdogo upesi, hatua za muda nazo zimefupishwa. Ndiyo maana kazi kama hii hungoja kompyuta zenye nguvu zaidi.

Hesabu ya utabiri yenyewe haifanywi mara moja. Hufanywa mara 51, kila moja ikianza na hali iliyotofautiana kidogo, maana hakuna ajuaye hewa ya sasa hivi ilivyo kila mahali. Hesabu 40 zikileta mvua Merti siku ya Alhamisi, hiyo ni dalili nzito. Zikiwa 10 tu, ni ya kuangaliwa. Kwa utabiri wa hadi siku 46, maboresho hayo yalileta hesabu 101 kila siku, badala ya 51 mara mbili kwa wiki.

Jambo hili la uwezekano naliona kwa uchungu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo, gana (masika) na hagaya (vuli). Machi 2023 habari zilizomfikia ndugu yangu malishoni zilisema msimu unaelekea kuwa mkavu. Waliotabiri walitoa uwezekano, lakini njiani, kutoka mdomo hadi mdomo, kilichobaki ni neno moja: ukame. Mvua ikanyesha usiku, ya baridi, juu ya mbuzi waliobaki mifupa. Asubuhi walikuwa wamelala kando ya laga, ishirini na watatu, manyoya yameloa.

Mraba mdogo nao hautoshi kumaliza tatizo la utabiri. Wingu letu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita tatu au nne, kwa hiyo hata mraba wa kilomita 9 haulioni. Modeli hulikisia tu. Kabla modeli mpya haijapokea kazi, huendeshwa sambamba na ya zamani kwa miezi, kisha zote mbili hupimwa kwa kilichotokea kweli. Lakini huku kaskazini vituo vya kupimia viko mbali mno kimoja na kingine, na setilaiti hukadiria mvua kutoka angani. Nambari zangu haziendi Reading. Mwisho wa mwezi huenda Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na mtu akitaka kujua kama mraba wa Kinna ulisema kweli, ataihitaji karatasi kama yangu.

Novemba mzee mmoja alinikuta nimechuchumaa, akasimama nje ya seng'enge akiegemea fimbo yake.

"Mwalimu, imefika ngapi?"

"Kumi na nane nukta nne, Mzee."

Akaitazama bilauri kwa muda. "Kwetu ng'ambo ya laga haikudondoka hata tone."

Kutoka hapa hadi kwake hazizidi kilomita nne. Niliandika 18.4, na pembeni, kwa herufi ndogo: ng'ambo ya laga, hakuna.