Mizinga ya Königsberg: Kutoka Sitaha ya Meli Hadi Njia za Usukumani

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilitia nanga Dar es Salaam mwezi Juni 1914, wiki chache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa na mizinga kumi ya kipenyo cha milimita 105. Mwaka mmoja baadaye meli yenyewe ilikuwa imelala kwenye tope la delta ya Rufiji, lakini mizinga yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kazi nyingine. Ilitolewa melini, ikafungiwa magurudumu, ikasambazwa karibu koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani: pwani, Kilimanjaro, Kondoa, Kigoma, hata Mwanza, ambako reli ilikuwa bado haijafika. Kazi ya kuibadili silaha hiyo ilifanywa na mafundi wa Kijerumani na wasaidizi wao Waafrika. Kazi ya kuifikisha vitani ilifanywa na wapagazi, na bila wao mzinga ule ulikuwa chuma kizito tu.

Mzinga wenyewe ulikuwa zao la kampuni ya Krupp. Mtutu wake ulikuwa na urefu wa mita 4.2, mara arobaini ya kipenyo chake, na uzito wa karibu tani moja na nusu, sawa na gari dogo la abiria. Ulirusha kombora la takriban kilo 17 hadi umbali wa kilomita 12 hivi. Kombora na ganda lake la baruti vilikuwa kitu kimoja: mpigaji alivuta pembeni kipande kizito cha chuma kilichofunga nyuma ya mtutu, mwenzake akasukuma kombora ndani, kipande kikarudishwa, mzinga ukalia. Kikosi kilichozoea kazi kiliweza kupiga mara kumi na tano kwa dakika. Jeshi la kikoloni halikuwa na silaha yoyote ya namna hiyo. Mizinga lililoanza nayo vita ilikuwa midogo, na mingi ilikuwa ya mtindo wa zamani.

Meli iliyobeba mizinga hiyo haikudumu. Chini ya Kapteni Max Looff, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar alfajiri ya 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji kwa sababu injini zake zilikuwa mbovu. Huko ndiko nguvu za watu zilipoonekana kwa mara ya kwanza katika habari hii. Sehemu za boila zilizohitaji kutengenezwa ziliburutwa kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa zilikotoka, zikiwa juu ya magogo na kuvutwa kwa kamba na umati wa vibarua. Waingereza waliziba midomo ya mto, wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia kwenye vijito vya mikoko. Shambulio la kwanza, tarehe 6 Julai 1915, halikufanikiwa. La pili, tarehe 11 Julai, liliiharibu Königsberg kiasi kwamba mabaharia wake waliilipua wenyewe isije ikatekwa.

Kwa kuwa meli ilikaa chini kwenye maji ya kina kidogo, mizinga yote kumi iliweza kufikiwa. Makombora yaliyosalia yalitolewa pia, na mengine yalikuwa yamekuja Aprili 1915 kwa meli ya magendo Rubens, iliyofika kaskazini ya Tanga na kuzamia karibu na ufuo chini ya mashambulizi ya Waingereza, lakini shehena yake ikaokolewa kwa sehemu kubwa. Kutoka Rufiji mizinga ilivutwa hadi Dar es Salaam.

Hapo ndipo ugumu wa kiufundi ulipojitokeza. Mzinga wa meli haukuundwa usafiri peke yake. Husimama juu ya nguzo nene iliyofungwa kwa boliti kwenye sitaha, na huzunguka juu ya nguzo hiyo kulia na kushoto. Mzinga unapolia, mtutu hurushwa nyuma kwa nguvu kubwa. Sehemu ya nguvu hiyo humezwa na mitambo iliyo chini ya mtutu, na inayobaki hushuka kwenye nguzo, ikaingia sitahani, ikasambaa katika mwili wa meli ya zaidi ya tani 3,000. Meli ndiyo kitako cha mzinga. Ukiuweka juu ya magurudumu bila maandalizi, pigo la kwanza litaupindua au litavunja ekseli.

Jibu lilikuwa kigari kizito cha magurudumu makubwa, chenye mkia mrefu wa chuma unaokwenda nyuma hadi kugusa ardhi. Mkia huo ndio unaochukua nafasi ya meli: mzinga ukirudi nyuma, nguvu yake hupita kwenye mkia na kukandamiza udongo, na magurudumu hayabebi pigo lote peke yake. Kilichopotea ni ule urahisi wa kuzunguka. Melini mpigaji alifuata shabaha kwa kuzungusha usukani. Juu ya kigari, kugeuza mzinga kwa pembe kubwa kulimaanisha watu kuinua mkia na kuuburuta upya. Kigari kilipaswa pia kuwa kipana kuliko njia nyingi za nchi wakati ule, ambazo zilikuwa vijia vya miguu. Kwa hiyo kila mzinga ulitanguliwa na watu wa kukata miti, kufukia mashimo na kutandika magogo kwenye mabonde yenye tope.

Huko Ulaya, mzinga wa uzito kama huo ungevutwa na kundi la farasi. Katika sehemu kubwa ya Tanzania ya leo farasi na ng'ombe hawakudumu kwa sababu ya ndorobo na ugonjwa wa nagana. Magari ya injini yalikuwa machache, na mafuta yalikatizwa na Waingereza waliofunga bahari. Reli mbili zilisaidia: ya Tanga hadi Moshi, na Reli ya Kati iliyokuwa imefika Kigoma Februari 1914. Nje ya reli hizo, mzinga ulifungwa kamba ndefu na mamia ya watu wakashika.

Mwanza ni mfano mzuri wa hali hiyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, miaka kumi baada ya vita kwisha. Mwaka 1915 na 1916, mzigo wowote uliotoka Tabora kwenda ziwani ulipita kwa miguu zaidi ya kilomita 300, kupitia nchi ya Wanyamwezi, Shinyanga, na nchi ya Wasukuma. Wajerumani walitaka mzinga wa Königsberg huko kwa sababu Waingereza walitawala Ziwa Victoria kwa meli za mvuke zilizofungwa silaha, na upande wa Ujerumani haukuwa na chombo cha kushindana nazo. Mzinga unaopiga kilomita 12 ungeweza kuzizuia meli hizo zisikaribie bandari.

Hesabu ya makombora inaeleza gharama ya mpango huo vizuri kuliko maneno mengi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30. Kombora moja likiwa na ganda lake la baruti lilikaribia mzigo huo. Dakika moja ya kupiga kwa kasi kamili ilimaliza makombora kumi na tano, yaani kazi ya watu kumi na tano waliotembea zaidi ya wiki mbili kutoka Tabora. Watu hao walihitaji chakula njiani, na chakula hicho kilibebwa na wengine au kilichukuliwa kutoka maghala ya vijiji walivyopita.

Julai 1916 Waingereza, chini ya Brigedia Charles Crewe, walikwepa shabaha ya mzinga. Baada ya kuteka kisiwa cha Ukerewe mwezi Juni, waliteremsha askari mashariki ya Mwanza na kuujia mji kwa nchi kavu. Tarehe 14 Julai waliingia mjini. Wajerumani walikuwa wameondoka, baadhi yao kwa vyombo kupitia ghuba inayotenganisha Mwanza na upande wa Geita, kisha kusini kuelekea Shinyanga na Tabora. Mzinga uliachwa nyuma. Askari anaweza kuondoka usiku mmoja na bunduki yake. Mzinga wa tani kadhaa unahitaji siku za maandalizi na mamia ya watu walio tayari kuvuta, na siku hizo hazikuwapo. Agosti vikosi vya Crewe vilifika Shinyanga, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji waliingia Tabora.

Mizinga mingine ilipata matumizi tofauti. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa pale ziwani. Kwa muda mfupi ilikuwa meli yenye silaha kubwa kuliko zote Ziwa Tanganyika. Baadaye mzinga uliondolewa kwa kuwa ulihitajika nchi kavu, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe. Iliibuliwa na Waingereza, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mzinga mwingine ulipigana Kahe, karibu na Moshi, Machi 1916, ukalipuliwa na Wajerumani walipolazimika kurudi nyuma. Kondoa pia ilipigwa kwa silaha hiyo Mei 1916, na Bagamoyo mmoja ulitekwa mwezi Agosti. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus kutoka bahari ya Zanzibar na kuifungia magurudumu, hivyo silaha za meli mbili zilizopambana Zanzibar zikaendelea na vita ndani ya bara.

Ubunifu huu haukuwa wa mizinga peke yake. Koloni lililofungiwa bahari lilijifunza kujitengenezea mengi. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilishughulikia dawa ya kwinini kutoka magome ya mti wa sinkona. Karibu na Tabora, karakana ya reli ilipiga sarafu za rupia 15 mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, zenye picha ya tembo. Wakazi wa ukanda wa dhahabu wa leo, kuanzia Geita hadi Shinyanga, watatambua kwamba dhahabu ya nchi hii ilikwishaingizwa kwenye hesabu za vita kabla migodi yao haijachimbwa kwa ukubwa.

Wakati mizinga ya Königsberg inaburutwa kwa kamba, huko Ulaya tatizo lile lile lilikuwa linatafutiwa jibu lingine: namna ya kufikisha mzinga mbele ya adui katika ardhi mbovu. Septemba 1916 Waingereza walitumia vifaru kwa mara ya kwanza kwenye mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Wajerumani walifuata na kifaru A7V, lakini walitengeneza takriban ishirini tu. Kizazi kimoja baadaye, mwaka 1943, walipeleka Kursk nchini Urusi kifaru cha wastani kilichoitwa Panther, kilichosanifiwa na kampuni ya MAN baada ya kukutana na kifaru T-34 cha Urusi. Mzinga wake wa milimita 75 ulikuwa bora sana, na mabamba yake ya mbele yalikuwa manene na yameinamishwa ili kombora liteleze. Lakini chombo kilichokusudiwa kuwa cha tani 30 hivi kiliishia na tani 45, na giya za mwisho zinazozungusha minyororo zilizidiwa na uzito huo. Huko Kursk vifaru vingi vya aina hiyo vilikwama kwa hitilafu za mitambo kabla hata ya kupigwa. Msanifu wa silaha huvutiwa kwanza na mtutu. Kinachoubeba mtutu hufikiriwa baadaye, na ndicho kinachovunjika. Kwa Panther kilichovunjika kilikuwa giya. Kwa mizinga ya Königsberg walikuwa binadamu.

Idadi ya wapagazi waliokufa haijulikani kwa upande wa Ujerumani, kwa sababu wapagazi wengi hawakuandikwa kama wanajeshi walivyoandikwa. Upande wa Uingereza, ambao kumbukumbu zake ni bora zaidi, zaidi ya wapagazi 90,000 walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kijiji kilichotoa vijana wake kilibaki na mashamba yasiyolimwa, na njaa ya miaka ile iliwakuta pia wasiobeba chochote.

Mizinga mitatu ya Königsberg inajulikana kusalia hadi leo: mmoja Pretoria, mmoja Jinja nchini Uganda, na mmoja nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ukiwa karibu na mzinga wa Pegasus. Yote mitatu iko nje ya Tanzania, nchi iliyotoa watu wa kuivuta. Makumbusho ya Kanda ya Ziwa, na shule zilizo kwenye njia ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, zinaweza kukusanya masimulizi yaliyobaki katika familia kuhusu safari zile za wapagazi, kwa kuwa waliosikia habari hizo moja kwa moja kutoka kwa babu zao sasa ni wazee.