Ruta Mbili Katika Duka Moja
Katika mji wa Busia, ambao mpaka umeugawa kati ya Kenya na Uganda, kama kwingineko, ruta, kifaa kinachosambaza intaneti, huipa kila kompyuta anwani, yaani namba ya kuitambulisha, pamoja na namba ya lango la kutokea nje, kwa utaratibu wa DHCP uliosanifiwa mwaka 1993. Duka likiunganisha kwa waya ruta ya laini ya Kenya na ya laini ya Uganda, zote hugawa anwani, na kompyuta kwa kawaida huifuata iliyowahi kujibu, hata kama bando lake limekwisha. Kuzima na kuwasha, dawa ya wengi, hakuliondoi tatizo hilo. Sharti ugawaji uzimwe katika ruta moja. Namba inayoanza na 169.254 huonyesha kwamba hakuna ruta iliyojibu, hivyo waya ndio hukaguliwa kwanza.